Rimoti Imeninunia

Siku mbili nzima nimegombana na rimoti ya helikopta. Na tuelewane mapema: helikopta yenyewe ni ya mtoto. Mimi namshikia tu. Namshikia kila Jumamosi tangu asubuhi mpaka betri iishe, naye amekaa pembeni anasubiri zamu isiyofika, ndiyo maana mama yake akachoka akamnunulia kindege chake chenye mabawa. Vyombo viwili, rimoti moja. Shikeni hilo, maana mimi lilinitoka.

Basi Jumamosi nawasha rimoti, nachomeka betri kwenye helikopta, nasukuma kijiti juu. Kimya. Imekaa chini inanitazama kama mgeni aliyekuja kudai. Kwenye risiva, kile kidude ndani ya helikopta kinachopokea ishara ya rimoti, kuna kitaa chekundu, kinakonyeza. Jamani, kinakonyeza nini? Chombo kinajua kabisa kinachokisumbua, ila kusema hakisemi, kinakukonyeza! Halafu mota nayo inadakia: pii... pii... pii. Usiku nimelala nayasikia hayo mapii kichwani.

Ukiwa na kitu kibovu ndipo unajua umezungukwa na mafundi. "Umebadilisha betri?" Mke kauliza. Jirani kauliza kupitia dirishani. Shemeji kapiga simu kwa mambo yake mengine kabisa, akaambiwa, naye akauliza. Haya, nikafungua kifuniko. Rimoti yangu inameza betri nne. Ukiweka zile za kutupa, kila moja volti 1.5, unapata 6. Ukiweka za kuchaji ni 1.2 mara nne, yaani 4.8, na mtu hajui analia kwamba betri mpya zimeisha kumbe ndiyo nguvu yake hiyo. Springi moja nikaikuta imeota ukungu. Nikaisugua kwa pamba yenye spiriti mpaka ikang'aa, nikaweka betri mpya, nikawasha. Kioo kikawaka safi, maandishi makubwa yanasomeka hata bila miwani.

Ningeyasoma, maneno yangeishia hapo.

Sikuyasoma. Ninasomaje kioo na mimi nimeshajua ugonjwa? Nikaamua ndoa imevunjika. Maana siku hizi haya mambo ni ndoa. Zamani, enzi za megahezi 35 na 72, rimoti ilikuwa na antena ndefu ya kuvuta na kikristali ndani, na mwenzako akiwasha yake yenye mawimbi kama yako, helikopta yako inaenda chini. Ilikuwa hasara, lakini angalau ulikuwa na mtu wa kumkunjia shati. Sasa ni gigahezi 2.4: risiva inakariri rimoti yake moja, nyingine zipige kelele zinavyotaka, haigeuki. Kwa hiyo ukihisi hazielewani, unazifungisha ndoa upya. Unachomeka kipini kwenye risiva, kitaa kinakonyeza harakaharaka, unashika kitufe cha rimoti huku unawasha, kitaa kinatulia. Maneno mawili tu, kwenye karatasi.

Mimi nilifungisha mara sita, ikakataa mara sita. Nilikuwa nimepiga magoti, rimoti nimeiegemeza kabisa kwenye risiva ili ndoa ishike vizuri. Kumbe ndiyo kosa! Ishara ikiwa karibu mno inaizidi nguvu risiva, inakuwa kama mtu unayempigia kelele sikioni, anasikia mlio lakini neno halipati. Mara ya saba niliondoka kwa hasira, nikawa nimefika mlangoni na kidole bado kiko kwenye kitufe. Kitaa kikatulia. Nawaambia kweli, nilipiga vigelegele, mwanamume mzima.

Nikachomoa waya za mota, maana mapanga yale yanayozunguka juu hayajui utani, nikajaribu vijiti. Hapo sasa ndipo vituko. Helikopta yangu ina sevo tatu, vimota vidogo vya kusukuma vitu, zinazobeba ile sahani iliyo chini ya mapanga. Ukipandisha kijiti, zote tatu zinatakiwa kuinua sahani ikiwa sawasawa, kama watu watatu wamebeba meza. Napandisha: sahani haijagutuka. Napeleka kulia: sevo moja tu inanyanyuka, wenzake wawili wameduwaa, sahani imelala kimshazari. Mbele: anaamka mwingine, peke yake. Hakuna ushirikiano kabisa!

Mwenye akili angesimama ajiulize kwa nini. Mimi niliingia kwenye menyu. Kuna sehemu ya kugeuza mkondo, kulia kuwe kushoto. Nikageuza. Ikawa mbaya kwa upande wa pili. Nikageuza wa mbele na nyuma nao, nikaona haisaidii, nikaurudisha. Nikachokonoa hiki, nikarudisha kile. Mke kapita na beseni, akasema, "Baba, unatengeneza au unabahatisha?" Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Jumapili asubuhi kijana kaamka, kachungulia juu ya bega langu sekunde mbili, hata mswaki hajapiga.

"Baba, mbona uko kwenye ndege yangu?"

"Ndege gani?"

"Si hiyo imeandikwa hapo juu."

Imeandikwa, kweli. Na picha ya kindege imechorwa. Ijumaa alirusha chake, akaiacha rimoti kwenye kumbukumbu namba 2, ile ya kindege. Rimoti yetu kila kumbukumbu ina risiva yake: ukiwa kwenye 2, helikopta ya 1 inakuona mpita njia. Na mimi nimeenda kuiozesha helikopta kwa jina la ndege! Ndege haina sahani ya kubebwa na watu watatu, kila sevo inafanya kazi yake kivyake, ndiyo maana hawakushirikiana. Hawakuambiwa.

Nikarudi namba 1, nikafungisha ndoa tena, nikiwa mlangoni safari hii. Kijiti juu, sahani ikapanda sawa kama lifti. Nikarudisha waya za mota, nikapima ishara inafika umbali gani kwa kurudi nyuma hatua 30 na kitufe cha kupunguza nguvu kimebonyezwa, halafu nikairusha. Ikatulia hewani. Nilikaribia kulia.

Kwa furaha hiyo nikatenda wema. "Chukua rimoti," nikamwambia kijana, "leo zamu yako." Mama yake alishtuka. Mtoto akahamia namba 2, akakiachia kindege, kikapanda vizuri, nami nikapiga makofi. Akabana kulia kizunguke. Kikalala kushoto. Akabana kulia zaidi. Kikalala kushoto zaidi.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mkondo mmoja niliurudisha. Mmoja tu.

"Upepo huo," nikamwambia, kabla hata kindege hakijagusa majani.

Mama yake hakusema neno. Aligeuka akatazama nguo alizoanika kwenye kamba. Hata leso haikutikisika.