Brashi ya Babu na Usiku wa Giza

Mtu akikuambia kukarabati brashi ya zamani ni kuloweka, kusugua na kupaka vanishi tu, muulize kwanza anakaa umbali gani na ziwa. Mimi nakaa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria.

Brashi ni ya Babu, ya kunyolea ndevu. Mpini wa mti, manyoya ya melesi, mnyama wa jamii moja na nyegere wetu. Alipewa na Mwingereza mmoja enzi zake za bandarini Mwanza, na mpaka leo povu la kopo analiona uvivu. Ila ilikuwa imechoka. Sabuni ya miaka yote imeganda kwenye shina, mpini umebabuka, na Mzee kila akinyoa anabaki na unywele wa melesi shavuni.

"Babu, nipe niikarabati."

"Wewe? Jumamosi nina harusi Nyegezi."

"Itakuwa mpya, Babu."

Kuosha hakukuwa na shida. Maji ya vuguvugu, maana yanayochemka huharibu manyoya na gundi, siki kidogo ya kutoa ukoko, kisha shampuu ya dada bila ruhusa ya dada. Nilipoikung'uta, shada zima likachomoka. Mkono huu mpini, mkono huu kijimkia. Gundi ya zamani ilishageuka unga kitambo. Nikakimbilia Makoroboi nikanunua ile gundi ya mirija miwili, nikalipachika shada, likakaa upande. Kuficha upogo nikachukua mkasi, nikazipunguza ncha hadi zikalingana kama nyasi za uwanja wa Kirumba. Nilijisifu sana hapo.

Ikabaki vanishi. Nikapiga msasa, nikapaka, nikaitundika barazani chini ya taa nione kama inachuruzika. Nikaingia ndani kula sato.

Wa kando ya Ziwa Victoria ameshajua kinachofuata. Mwezi ndiyo kwanza unaandama, na siku hizo za giza wale wadudu wa ziwani huibuka majini kwa mawingu. Mchana ukiwaona kwa mbali utadhani kuna moto kisiwani. Hawaumi mtu. Wana maisha mafupi na mapenzi ya taa. Taa waliikuta, na chini yake wakakuta vanishi mbichi.

Nilipotoka, mpini hauonekani. Vibawa, miguu, na vile vipapasio vya madume vyenye manyoya manyoya, vyote vimesimama kuelekea nje, vingine bado vinapunga. Nikachukua kibano cha nyusi. Mdudu anatoka, miguu inabaki.

Jirani yetu, mama wa Kyela, akachungulia uani. "Usiwatupe hao! Kwetu Ziwa Nyasa tunawaita kungu, wanatengenezwa mkate."

"Hawa wana vanishi, mama."

"Ee, basi hao ni wako."

Asubuhi ya Jumamosi vanishi ilikuwa imekauka vizuri sana, lazima nikiri bidhaa ile ni imara.

"Mwangaluka, Babu."

Hakuitikia. Akavaa miwani, akaigeuza brashi, akaipitisha kidole.

"Mimi nilikupa brashi ya kunyolea ndevu. Wewe umeniletea yenye ndevu."

Lakini harusi ni harusi. Akailoweka, akakoroga povu, akapaka shavu. Yowe lake lilisikika mwaloni. Kumbe ncha za melesi hazikatwi kamwe, huachwa zilivyoota, ukizikata zinachoma. Hilo lilikuwemo kwenye video ya ukarabati niliyoitazama, ile sehemu niliyoirusha.

Tukaenda kwa kinyozi, Mzee mbele, mimi nyuma nimebeba kikombe chake. Kinyozi akamkalisha, akamwinua kidevu kwenye mwanga.

"Mzee, hili shavu limepatwa na nini?"

"Nina fundi nyumbani," Babu akasema, akaninyooshea kidole. "Ndiye atakayelipa."