Wanachuo wasibebeshwe mzigo wote

Habari inasema wenye nyumba Tabora mjini wamewachoka wanachuo: kelele, madeni, wageni usiku. Sawa, wapo wa hivyo. Lakini mbona mwandishi hakugusa kodi? Mtoto katoka Urambo kaja chuo kikuu cha AMUCTA au Chuo cha Ardhi hapa Tabora, anadaiwa miezi 6 kwa mkupuo, juu yake dalali naye anataka ya mwezi mzima kwa kumfungulia mlango tu. Mkopo wenyewe wa masomo haujaingia!

Halafu hiyo LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba tunayopanga sisi vyumba vyote mita moja. Mwenye jiko la umeme na mwenye taa tupu wanachangia sawasawa, ukiuliza unaambiwa "hamia kwako". Umeme ukikata usiku ndipo kelele zinapoanza, na wanaogombana hapo ni watu wazima na familia zao, si wanachuo.

Kuna ndugu humu kwenye maoni kaandika vyuo vihamishiwe nje ya mji. Mama ntilie wa Ipuli hapa mjini na wenye bodaboda umewauliza, mzee wangu? Chuo kikifunga, wao ndio wa kwanza kulia.

Mimi naomba mkataba wa maandishi tu, na risiti.