Foliki asidi: tuanzie kwenye kidonge au kwenye unga?

Mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza hapa Tanzania, mara nyingi tumbo limeshaanza kuonekana. Anapimwa, anapewa kadi na vidonge vya Fefo, vyenye madini chuma na foliki asidi, aina ya vitamini B. Kwa damu yake vidonge hivyo vina kazi kubwa. Kwa kumkinga mtoto na mgongo wazi, yaani kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga, vimechelewa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na siku hizo wengi hawajui hata kama ni wajawazito.

Ndiyo maana madaktari hushauri mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo, ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku hupunguza uwezekano wa kujirudia kwa asilimia 72.

Lakini ushauri huo unamfaa anayepanga mimba, na mimba nyingi huja bila kupangwa. Hapo unga unakuwa na nguvu kuliko kidonge. Marekani ililazimisha viwanda kuongeza foliki asidi kwenye unga mwaka 1998, na visa vikapungua. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011.

Wanaopinga wana hoja ya kusikilizwa: foliki asidi nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 kwa wazee, damu ikaonekana nzuri huku neva zikiharibika. Naiheshimu hoja hii, ila kiasi kinachowekwa kwenye unga ni kidogo, na mzee mwenye ganzi miguuni anastahili kupimwa B12 hata hivyo. Wapo pia wanaosema mchicha na maharage vinatosha. Tule, tena sana, lakini sehemu kubwa ya virutubishi hivyo humwagwa na maji ya kuchemshia.

Kinachoniumiza ni kwamba unga uliorutubishwa ni wa viwandani, wakati kijijini mahindi husagwa kwenye mashine ya jirani. Kwa hiyo kidonge bado tunakihitaji, na kwa kipimo sahihi. Kile cha miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, hivyo asijinunulie mtu dukani. Anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, apangiwe dozi na daktari.

Kuna mlango mmoja tunaupita kila siku. Mwanamke anayekuja kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango kwa sababu anataka mtoto ameshatuambia mpango wake. Nesi anayemtoa kijiti ampe na vidonge vya foliki asidi siku hiyo hiyo, kabla hajatoka mlangoni.