Mwanga kwenye paji la uso: tuamini namba au mwelekeo wake?

Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionesha kwamba mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hupenya ngozi na fuvu ukafika kwenye ubongo, kisha ukarudi na habari za damu. Himoglobini (protini ya damu) iliyobeba oksijeni hunyonya mwanga huo tofauti na iliyokwisha kuiachia, na hapo ndipo mashine inapokadiria asilimia ya himoglobini yenye oksijeni. Hakuna kuchoma sindano wala kutoboa fuvu. Kwa mgonjwa wa upasuaji wa moyo, aliyelala kwa nusukaputi na hawezi kusema lolote, kibandiko cha mashine hiyo kwenye paji la uso ni jambo kubwa.

Lakini mwanga huo hupita kwenye ngozi ukienda na ukirudi, na ngozi nayo ina damu yake. Mwaka 2012 watafiti wa Canada waliwafunga watu wenye afya mkanda wa hewa kichwani ili kuzuia damu ya ngozi. Ubongo haukuguswa, ila namba zilishuka kwenye mashine zote tatu walizojaribu, kwa wastani wa kati ya asilimia 7 na 17. Ongeza melanini, rangi asilia ya ngozi: mwaka 2015 utafiti wa wagonjwa wa moyo Marekani ulikuta Wamarekani weusi wakisomeka chini kuliko wenzao. Sisi wenye ngozi nyeusi hatuna ruhusa ya kulichukulia hilo kama suala dogo la kiufundi.

Kwa watoto njiti fuvu ni jembamba, hivyo matumaini yalikuwa makubwa. Jaribio la SafeBoosC-III lilifuatilia watoto 1,601 waliozaliwa kabla ya wiki 28. Matokeo ya 2023: waliofariki au kuumia vibaya ubongo walikuwa asilimia 35.2 kati ya waliotibiwa kwa kufuata kipimo, na 34.0 kati ya waliohudumiwa kawaida. Sisemi kipimo kinadanganya. Jaribio dogo lililotangulia lilionesha kwamba kukifuata hupunguza muda ambao ubongo unakosa oksijeni. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba kuifukuzia namba fulani kunamwokoa mtoto.

Kwa hiyo ninakiamini zaidi chumba cha upasuaji, ambako mgonjwa hulinganishwa na namba yake mwenyewe iliyochukuliwa kabla ya nusukaputi. Ikishuka ghafla, daktari ana sababu ya kukagua shinikizo la damu, hewa na mkao wa kichwa. Majeruhi anayeletwa usiku akiwa amepoteza fahamu hana namba hiyo ya mwanzo.