Jiki ya Kipaimara

Kufundisha kemia kuna gharama zake. Kwenye ukoo wetu huko Kibosho, Moshi, chochote kinachonuka au kutoa povu ni mali yangu. Basi kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi, kipindupindu kikiwa kinatajwatajwa, nikakabidhiwa idara ya maji ya kunawa.

Hesabu yenyewe nyepesi. Gawanya nguvu ya dawa uliyonayo kwa nguvu unayoitaka, toa moja, unapata sehemu za maji. Jiki yetu ilikuwa na klorini asilimia 3.5, na ya kunawia mikono inatakiwa 0.05. Ukigawa unapata 70. Toa moja, 69. Jiki sehemu moja, maji sehemu 69. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni chupa moja ya soda, ile ya mililita 300, tena isijae sana.

Shangazi akaitazama chupa, akaitazama ndoo.

"Mwalimu, hii si dawa. Haya ni maji yaliyosikia habari za dawa."

"Shangazi, ndiyo hesabu."

"Ukoo mzima unakuja, wewe unanibania jiki?"

Nikaitwa kwenye ndafu, maana mbuzi mzima motoni hajigeuzi. Kurudi, harufu ikanipokea getini. Shangazi alikuwa amemwaga nusu ya yale maji "yasiyo na kazi", akaongeza chupa mbili za mililita 750. Nikakokotoa kichwani: karibu 0.5. Sifuri moja imeliwa! Hiyo ndiyo ya kufutia sakafu iliyomwagikiwa damu hospitalini. Na wageni walishanawa, wanasifia usafi wa mji huku wakifikicha macho. Taulo hakuna, kila mtu kajifutia alikozoea.

Klorini hailipuki, inakula rangi taratibu. Ndafu ilipoletwa mbele na mshereheshaji akamwinua Baba Mkubwa, yeye na suti yake nyeusi ya mtumba wa soko la Memorial, ukumbi mzima uliona: mapajani, viganja viwili rangi ya kutu, vidole vyote kumi vinahesabika. Kwaya nayo kusimama, sketi nyeusi zote zimepigwa mihuri. Mjomba aliyeapa hajaonja nyama kabla ya sala alikuwa na alama ya kujifuta tumboni, pana kweli.

Lakini kilichokata muziki ni dada mmoja wa sauti ya pili. Yeye kiganja chake kilikuwa kiunoni, kwa nyuma, kikubwa, dole gumba limeelekea juu. Mkono wake mwenyewe usingefika pale hata kwa maombi.

Shangazi akasahau jiki. Akaanza kupita meza kwa meza akiwaambia vijana wanyanyue mikono, "Tuone, tuone." Baba Mkubwa akanivuta pembeni, ananong'ona:

"Mwalimu, hiyo fomula yako inaweza kumtaja mtu?"