Ukiuliza Tundu, Unajibiwa Toleo

Jamani, kuna watu hawasalimiki. Si kiburi, maskini, ni elimu. Ukipita Nyakato asubuhi ukakuta vijana wanne wameinamia laptopu mbili na sahani moja ya sato, hao ndio wenyewe: watengenezaji wa programu huria za kuchorea vyuma na mashine, zile zinazoitwa CAD. Waambie "mwangaluka", salamu ya Kisukuma. Mtu mwingine yeyote hapa Mwanza ataitikia. Hawa wanauliza: "Unatumia toleo gani?"

Na swali lenyewe linakuwa dogo, la kumalizwa kwa kusimama. Chukulia fundi anatengeneza pleti ya kushikia mashine ya mtumbwi, kazi ya Kirumba ya kila siku. Urefu milimita 120, upana 80, unene 6, matundu manne ya kupitisha boliti za M10, yaani za unene wa milimita 10. Kachora kwenye FreeCAD, programu yao mojawapo, imependeza. Mwenye mtumbwi anakuja, anasema kata hizo kona, zinachana nyavu. Fundi anarudi kwenye skechi ya kwanza, ule mchoro bapa uliozaa pleti, anakata kona nne, anafunga. Matundu yamehamia ubavuni. Ubavuni! Tundu la milimita 11 kwenye ubavu wa milimita 6. Hata kwa hirizi boliti haipiti hapo.

Haya, uliza sasa kwa nini matundu yamehama. Kaa kitako kwanza, kwa sababu umeuliza tundu na utajibiwa ukoo.

Kumbe kompyuta haijui "juu". Wewe unasema toboa upande wa juu, yenyewe inaandika toboa Face6, uso wa sita. Pleti ya kona nne ina nyuso sita: mbavu nne zinahesabiwa kwanza, chini inakuwa ya tano, juu ya sita. Ukikata kona, mbavu zinakuwa nane, chini inasukumwa kuwa ya tisa, juu ya kumi. Face6 bado ipo, tena ina afya njema, ila sasa ni ubavu. Mashine haina maswali: iliambiwa toboa ya sita, imetoboa ya sita. Ni kama kumwelekeza bodaboda kule Igogo, nyumba zinakopandiana juu ya mawe, ukamwambia mtungi wa gesi peleka nyumba ya sita kutoka njiani. Wiki inayofuata watu wanajenga vibanda vinne katikati. Bodaboda hajakosea. Gesi imefika, inapikia maharage ya watu wengine.

Ndiyo maana dawa ya kwanza wanayokupa ni ya adabu tu. Skechi ya matundu usiikalishe juu ya uso uliozaliwa na kazi nyingine. Ikalishe kwenye bapa la asili, XY, ambalo lilikuwepo kabla hujachora chochote na litakuwepo hata ukifuta vyote, halafu isogeze juu milimita 6 kwa namba. Kama unene unaweza kubadilika, andika hiyo 6 kwenye jedwali la humo humo ndani ya programu, ipe jina, na kila kipimo kisome pale. Dakika tano za kazi. Nani anazo? Wote tunabofya uso wa juu kwa sababu uko mbele ya macho, kisha tunakuja kulia.

Uliza kwa upole: "Kwa hiyo hilo tatizo mmeshalitatua?" Kimya. Mmoja anatafuna mkia wa sato taratibu kama hakimu. "Limepunguzwa." Hasemi limekwisha! FreeCAD imeanza mwaka 2002, toleo 1.0 limetoka tarehe 18 Novemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kasoma, kamaliza, kaanza kudaiwa mahari, programu bado inajiita sifuri nukta ishirini na moja. Hilo 1.0 ndilo lililokuja na dawa ya majina: kila uso unabeba nasaba yake, umetokana na mstari upi wa skechi ipi, ukapitia kazi ipi. Kisukuma kabisa, huulizwi nyumba ya ngapi, unaulizwa ng'wana nani. Lakini ukifuta mstari wenyewe ukachora mwingine palepale, nasaba imekatika, umerudi kwa bodaboda. Kwa hiyo ni kweli, limepunguzwa. Ukweli wao ndio unaochosha.

Halafu hili neno fileti. Mwanza hii fileti ni mnofu wa sangara, umetolewa mifupa, umelazwa kwenye barafu, unasubiri safari ya Ulaya. Kwa hawa fileti ni kuviringisha ukingo wa chuma usimkate mtu. Sawa, kila soko na lugha yake. Kinachoudhi ni pleti ya milimita 6 unapoiviringisha milimita 3 ukingo wa juu na milimita 3 ukingo wa chini. Darasa la pili wanajua 3 na 3 ni 6, imeenea. Programu inagoma, inaweka alama nyekundu, inanuna. Eti ubavu uliobaki katikati una upana wa sifuri, na uso wa upana sifuri haupo duniani, sasa huo ukingo utashikana na nini? Unaandika 2.99. Inapita! Umeuachia ubavu milimita 0.02, ambayo grainda ya fundi haitaiona hata ikivaa miwani, na kompyuta imeridhika kama bibi aliyeletewa sukari.

Na fileti hufanywa mwisho. Toboa, kata, ongeza masikio, malizia yote, ndipo uviringishe. Anayeanza na fileti kila badiliko la chini litamwangushia nyumba.

Ukidhani hapo kwenye 2.99 umewaelewa, anaingia mtu wa OpenSCAD. Hilo ni dhehebu lingine, wale hawachori kwa panya, wanaandika umbo kama barua. Huku mnapunguza 0.01, wao wanaongeza! Ukitoa mche wa duara wenye urefu wa milimita 6 kamili kutoka kwenye pleti ya milimita 6, nyuso mbili zinakutana mahali pamoja, na kioo kinaanza kumetameta kama ziwa saa kumi jioni. Unaweza kubakiwa na utando usio na unene juu ya tundu. Kwa hiyo anza chini ya pleti milimita 1 na utokeze juu milimita 1, urefu uwe 8, yaishe. Nao wana lao la pili: duara lao si duara, ni poligoni iliyokaa ndani ya duara. Tundu la 11 ukiliacha bila maelekezo linapata pembe 18, na kati ya bapa na bapa ni 10.83, boliti ya M10 inapita. Lakini akitokea mjanja akaandika $fn=6, yaani pembe sita tu, ili mchoro uwe mwepesi, hiyo hiyo 11 inabaki 9.53. Boliti inagoma, fundi anachukua nyundo, na lawama zinakwenda kwa muuza boliti wa Makoroboi asiyejua lolote.

Mazungumzo yao mengine ni ya uhuru. Mtu akisikia kwa mbali atadhani ni siasa. "Hapa bado una uhuru nne!" Mstari mmoja una uhuru nne, ncha mbili kwenda kulia na juu. Mistari minne, kumi na sita. Ziunganishe ncha zikutane kwenye kona nne, umeondoa nane. Amri miwili ilale na miwili isimame, umeondoa nne. Zimebaki nne: urefu, upana, na mahali pawili pa kukalia. Andika 120, andika 80, funga kona moja kwenye kitovu, uhuru umefika sifuri, skechi inageuka kijani na wanapongezana. Watu wengine hupigania uhuru. Hawa hupigania kuumaliza. Na ile kijani yenyewe, iwe ya majani ya mgomba au ya tembele kavu, wanaweza kuijadili mpaka chai ipoe, wakati marekebisho ya mistari mia nne ya hesabu ngumu yanapita kwa neno moja, "sawa". Kila mtu ana macho ya kijani, mwenye macho ya hesabu ni mmoja na ana usingizi.

Kuna ndugu yao mwingine anayetajwa sana na hajawahi kuonekana, anaitwa kerneli. Hicho ndicho kiini kinachopiga hesabu za maumbo, Open CASCADE, kilizaliwa Ufaransa kwenye kampuni ya Matra Datavision na kikafunguliwa kwa umma mwaka 1999. Chochote kikivunjika: "Hiyo ni ya kerneli." Ni sawa na kuambiwa nenda dirisha namba nne. Mara nyingi ni kweli, tena ndiyo inaumiza zaidi. Kiini kinahesabu nukta mbili kuwa moja zikikaribiana kwa sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, basi ukimletea faili la mahali pengine lenye mianya mikubwa kuliko hiyo, kutoa na kujumlisha maumbo kunakuwa bahati nasibu. Fanya ukaguzi wa umbo kabla hujalaani mtu, chombo kipo kwenye meza ya kazi ya Part, humo humo FreeCAD.

Wazee nao wamo. BRL-CAD, programu nyingine ya ukoo huu, imeanza mwaka 1979 kwenye maabara ya jeshi la Marekani, imefunguliwa mwaka 2004, na mwasisi wake Mike Muuss ndiye yule yule aliyeandika ping, amri tunayopiga kujua kama bando limekata. Ukilalamika kwamba jambo lako limesubiri miaka mitatu, unaonyeshwa BRL-CAD kama mtu anavyoonyeshwa kaburi la babu.

Mteja akileta faili la DWG, lile la michoro ya AutoCAD, mimi nashauri kimbia. Si kwamba halifunguki. Utakaa saa mbili unasikiliza leseni. LibreCAD, programu huria ya michoro bapa, iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, maktaba ya kusoma DWG, LibreDWG, iko chini ya GPL toleo la 3, na hizo mbili hazioani, kama familia mbili zilizogombana kwenye mahari. Watu wa LibreCAD wakaamua kuandika ya kwao, libdxfrw. Mwambie mteja akutumie DXF, aina nyingine ya faili la mchoro, mwende nyumbani.

Au akutumie STEP, faili linalobeba umbo kamili. Asikutumie STL, tafadhali. STL ni pembetatu tupu, haibebi kipimo. Imeandikwa 120, lakini 120 nini? Msomaji akidhani ni inchi, pleti yako inakuwa na milimita 3,048, hiyo ni geti la kiwanda. Ikikosewa kinyume inakuwa 4.72, fupi kuliko punje ya mchele, na mtu anakaa anaitafuta kwenye kioo akisema faili ni tupu.

Usiombe umeme ukatike wakati wanakompaili, yaani kugeuza maandishi ya programu kuwa programu yenyewe. FreeCAD ni kubwa. Laptopu ya RAM 8 ukiiambia ifanye kazi nane kwa mpigo, -j8, inajaa, inapooza, mfumo unaua mojawapo na kukuachia ujumbe usio na maana. Weka -j2, nenda kaanike dagaa, rudi. Umeme ukirudi inaendelea ilipoishia, isipokuwa lile faili lililokuwa nusu, futa faili lake la .o tu, usifute kazi nzima kwa hasira. Bando nalo lina mkasa wake. Ukishusha maandishi ya programu kwa git clone --depth 1, yaani hali ya mwisho tu, umeokoa bando, lakini umekuja bila historia, na siku wakikuambia tafuta ni badiliko gani limeleta ubovu, huna pa kutafutia. Mwenye historia yote hugawa nusu kwa nusu: mabadiliko elfu moja, majaribio kama kumi. Kila jaribio likiwa la kukompaili upya, kumi ni nyingi kuliko elfu.

Kwa haya yote, ukiwaandikia "haifanyi kazi" wakakujibu kwa ukali, usishangae. Fungua Help, ingia About, nakili maelezo yote ya toleo, weka faili, eleza ulibofya nini kwanza na nini baadaye. Na faili la FCStd, lile FreeCAD inalohifadhia kazi yako, ni zipu tu. Likigoma kufunguka, libadilishe mwisho liwe .zip, ndani utakuta Document.xml na maumbo yako yamekaa.

Fundi yupo pale amesimama na drili. "Kwa hiyo ni kumi na moja?" Kumi na moja ni ya kawaida, anasema wa kwanza. Ukitaka ibane ni 10.5, anasema wa pili. Kwa mtumbwi unaotikisika, wa tatu anatoa hoja ya 12. Wa nne amenyamaza, anasoma. Sato ameisha. Fundi anachukua kipande cha boksi, anapanga boliti nne juu yake, anazungushia kalamu, anatoka.

Yupo mlangoni anaitwa: "Samahani kaka, ile pleti ulichorea toleo gani?"