Ganzi ya Mguu: Sindano Iongozwe na Vidole, Umeme au Picha?

Mgonjwa wa kisukari yuko mezani, vidole viwili vya mguu vimeoza na lazima vikatwe. Moyo ni dhaifu, figo nazo zimechoka, na hakuna chumbani anayetamani kumpa nusukaputi. Dawa ya ganzi itamwacha macho, akiongea, huku mguu peke yake ukilala. Sisi watoa ganzi tunabishana juu ya kitu kimoja: sindano iongozwe na nini, vidole vinavyopapasa, kichocheo cha umeme, au picha ya mashine ya ultrasaundi?

Chini ya kifundo zinafika neva tano. Nne ni matawi ya siatiki, neva kubwa inayoshuka nyuma ya paja. Ya tano, safena, inatoka kwenye neva ya paja. Tatu kati ya hizo zinapita juujuu, na kwa hizo sioni haja ya mashine. Tandaza dawa chini ya ngozi kuzunguka kifundo, kisha ngoja. Nalisema hili hata mbele ya wenzangu wanaoona haya kufanya kazi bila skrini.

Kazi ngumu iko kwenye neva ya tibia, inayobeba hisia za karibu unyayo wote. Imejificha nyuma ya fundo la ndani, ubavuni mwa ateri. Tulifundishwa kupapasa mapigo ya ateri hiyo na kuchoma nyuma yake kidogo. Lakini kwa mgonjwa huyu mguu umevimba, kisukari kimeziba mishipa ya damu, na unapapasa weee, mapigo hayaji.

Kichocheo cha umeme nacho, kifaa kinachopitisha mkondo mdogo kwenye sindano na kinachotumika zaidi nyuma ya goti, hutegemea neva ijibu: unyayo ukicheza kwa mkondo wa miliampia 0.5 hivi, tunaamini tumefika. Neva iliyoharibiwa na kisukari inaweza kunyamaza hata ncha ya sindano ikiwa imeigusa. Na mwenye kifundo kilichovunjika, kila mguu unaporuka ni maumivu juu ya maumivu.

Ndiyo maana kwa tibia ya mgonjwa wa namna hii, na kwa siatiki nyuma ya goti, nasimama na ultrasaundi. Unaiona ateri, unaiona dawa ikiizunguka neva, na mara nyingi dawa kidogo inatosha. Hilo si dogo. Kikomo cha bupivakeini, dawa ya ganzi, tunachokifuata ni takriban miligramu 2 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 50 anafika hapo kwa mililita 20 tu za dawa ya asilimia 0.5. Ikizidi au ikiingia kwenye damu, huleta degedege na hata moyo kusimama. Tafiti zinaonyesha sumu hiyo imepungua kwa wanaotumia picha. Ila anayedai kwamba ultrasaundi imepunguza pia majeraha ya neva anavuka ushahidi uliopo.

Picha nayo hudanganya. Inamisha kichwa cha mashine kidogo tu, neva inapotea. Kano ya kidole gumba imelala jirani, na kwa mgeni inafanana na neva kabisa. Kikunje na kukikunjua kidole hicho: kano itateleza. Au panda na picha kuelekea ugoko: kano itageuka msuli, neva itabaki neva.

Wanaopinga wana hoja nzito. Hospitali nyingi za wilaya mashine ni moja, na mama anayevuja damu wodi ya wazazi ana haki nayo kabla yetu. Mtoa ganzi aliyelelewa na skrini pekee atakwama siku hiyo. Kichocheo nacho nisingekitupa: neva ikijibu chini ya miliampia 0.2, hilo ni onyo kwamba ncha huenda imeingia ndani yake, hata kama picha inaonekana nzuri.

Kwa wanafunzi ningeanza hivi: papasa mapigo, weka alama ya kalamu pale unapoamini neva ipo, ndipo uweke mashine juu ya alama hiyo uone umekosea kwa kiasi gani. Fanya hivyo kila mgonjwa, hadi wino na neva vikutane.